Wameniambia mishipa yangu ina miaka 71, na mimi nina 46

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 46, nafanya biashara ya samaki hapa mwaloni Kirumba. Zaidi ni kayabo, wale sangara wa chumvi wanaofungwa mizigo kwenda Kongo, na dagaa wakati wa giza. Nakuandikia kwa sababu wiki ya tatu hii silali vizuri.

Ilikuwa Jumamosi, natoka kununua magunia, nikakuta turubai limefungwa jirani na kituo cha daladala. Vijana wamevaa makoti meupe, kipaza sauti kinaita watu kupima mwili mzima bure. Nikasema bure haina hasara. Kijana mmoja akanishikisha kichuma kama kalamu nene, kimeungwa na waya kwenye kompyuta, akaniambia nikibane nisiachie. Haikufika dakika mbili. Ikatoka karatasi ndefu: ini, figo, kizazi, mifupa, mpaka sumu mwilini. Kwenye mishipa ya damu wameandika kwa wino mwekundu: umri wa mishipa miaka 71, imeziba asilimia 60. Kijana akanitazama kwa huruma, akasema, "Mama, wewe ni wa kuanguka muda wowote."

Shangazi, baba yangu alianguka bafuni akiwa na miaka 58. Upande wa kulia ukapooza, akalala kitandani miezi minane, akafariki. Wajomba walisema katupiwa kitu. Kwa hiyo niliposikia hilo neno kuanguka sikuuliza mara ya pili. Nilitoa laki mbili na arobaini, hela ya mzigo, nikapewa makopo manne ya kusafisha mishipa. Nimemaliza moja. Ninachoona ni kuharisha tu.

Baadaye nikapita duka la dawa, wakanipima presha ikaja 148 kwa 76. Dada wa pale akasema ya juu imechangamka kidogo lakini ya chini iko vizuri, nisiwe na wasiwasi. Sasa nimuamini nani?

Mimi sijisikii mgonjwa. Nabeba mizigo, na kila jioni napanda mlima Kabuhoro ninakoishi, ingawa siku hizi napumzika mara mbili njiani. Mgongo ukikaza nameza diklofenaki, inatulia. Jirani ananiambia nichemshe vitunguu saumu na malimao niwe nakunywa asubuhi. Na bibi yangu mzaa mama yuko Ukerewe, amepita miaka 80, bado anashika jembe. Je, ni kweli mishipa inaweza kumzidi umri mwenye nayo? Inapimwaje? Na inasafishika?

Mama Kayabo, Kirumba

*

Marahaba, mwanangu. Pole na baba, na pole na hela ya mzigo.

Nianze na ile karatasi ili ulale leo. Umri wa mishipa upo, si uongo waliouzua wao. Waliiba neno la kweli wakalibandika kwenye kichuma. Huko Marekani, katika mji wa Framingham, walianza mwaka 1948 kufuatilia watu wazima 5,209, nani anapata ugonjwa wa moyo na nani anabaki salama. Kutokana na miaka mingi ya kufuatilia watu namna hiyo, mwaka 2008 zikatoka hesabu za kumwambia mtu mishipa yake inafanana na ya mtu wa umri gani. Hesabu hizo zinataka nini? Umri wako, jinsia, ile namba ya juu ya presha, lehemu (mafuta ya kolesteroli) katika damu, kama una kisukari, kama unavuta sigara, kama unatumia dawa ya presha. Sasa nikuulize. Yule kijana alikufunga mkanda wa presha? Alikutoa damu? Alikuuliza hata habari ya sigara? Basi ile 71 aliitoa wapi? Kiganja kilichobana chuma kinaweza kumweleza mtu kama mkono una jasho. Hakiwezi kumweleza mshipa wa shingoni umeziba kiasi gani. Hayo makopo matatu usiyaguse tena, na siku ukienda kliniki nenda nayo wayasome yalivyoandikwa. Kama walikupa risiti, itunze.

Lakini sikuambii urudi mwaloni ukaendelee kama zamani. Barua yako ina mambo manne yaliyonishtua kuliko ile karatasi, na yote umeyapitisha haraka haraka.

La kwanza ni hiyo 148 kwa 76, na maneno ya dada wa duka la dawa. Nilifanya kazi ya uuguzi hapa Mwanza miaka 31, na kauli ya "ya chini iko vizuri" nimeisikia mpaka kwa wenzangu wa kazini. Ndiyo inayotuangusha. Ngoja nikueleze mshipa unavyozeeka.

Mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo si bomba la chuma. Ni kama lastiki ya kiunoni kwenye sketi. Moyo ukipiga, mshipa unatanuka kupokea damu. Moyo ukipumzika, mshipa unajirudi wenyewe na kuisukuma damu mbele, ndiyo maana damu haikatiki kati ya pigo na pigo. Kazi hiyo inafanyika kama mara laki moja kwa siku, usiku na mchana, Krismasi na Idi. Nyuzi zinazoufanya mshipa uvutike mwili huzitengeneza zaidi tukiwa wadogo. Ukubwani zinazochoka hazipati mbadala wa maana, pengo lake linazibwa na nyuzi ngumu, na baadaye chokaa inaingia kama ile ya ndani ya birika la zamani. Lastiki ya sketi ya miaka mitano unaijua ilivyo: imelegea, haijirudi. Mshipa wenyewe haulegei, unakakamaa, ila kujirudi nao unasahau vilevile.

Mshipa uliokakamaa ukipokea pigo la moyo hautanuki, kwa hiyo namba ya juu inaruka. Na kwa kuwa haukutanuka, hauna cha kujirudishia, kwa hiyo namba ya chini inashuka. Umenielewa? Ya chini kuwa "vizuri" huku ya juu imepanda inaweza kuwa ndiyo dalili yenyewe ya mshipa kuzeeka. Toa 76 kwenye 148, unabaki na 72. Pengo hilo likizidi 60, sisi wa zamani tulikuwa tunaweka kalamu chini na kumtazama mgonjwa vizuri. Pigo ambalo mshipa ulipaswa kulipunguza makali linakwenda moja kwa moja kwenye vimishipa vidogo vya ubongo na figo, na hivyo havikuumbwa kwa vishindo. Baba yako, mwanangu, hakutupiwa kitu. Sikujua presha yake, lakini mtu wa miaka 58 anayepooza upande mmoja ghafla bafuni, cha kwanza ninachouliza ni kama aliwahi kupimwa.

Kukakamaa na kuziba ni mambo mawili. Kuziba ni mafuta na uchafu kujijenga ukutani mwa mshipa mpaka njia inakuwa nyembamba. Mara nyingi yanakwenda pamoja, lakini yanapimwa tofauti. Kukakamaa, wataalamu hupima kasi ya wimbi la mapigo: kifaa kimoja shingoni, kingine kwenye kinena, wanaangalia pigo linasafiri kwa haraka gani. Katika mshipa laini linakwenda polepole. Likizidi mita 10 kwa sekunde, mshipa umekakamaa. Kuziba kunatazamwa kwa ultrasaundi ya mishipa ya shingo, au picha ya CT inayohesabu chokaa kwenye mishipa ya moyo, au kwa njia rahisi ninayoipenda mimi: presha ya kifundo cha mguu igawanywe kwa presha ya mkono. Ikishuka chini ya 0.9, mishipa ya mguu ina shida. Nakutajia hivi ili mwenye kichuma mwingine asikudanganye, siyo uanze kuvitafuta mji mzima. Kwako wewe mkanda wa presha uliofungwa vizuri utatuambia mengi zaidi kuliko unavyodhani.

Uliofungwa vizuri, nasema. Ile 148 yenyewe siiamini bado. Ulitoka juani, una hasira ya laki mbili na arobaini, ukakaa kwenye benchi la duka la dawa, pengine mkanda ukapita juu ya mkono wa gauni, na simu inaita. Nilikuwa na mama mmoja wa Igogo, kila akija kliniki presha 160. Siku moja nikamwangalia: amekaa miguu inaning'inia, kitenge kimeviringishwa juu ya mkono mpaka kimekuwa kama kamba, na ananisimulia harusi ya mtoto wake huku mashine inajaza upepo. Nikamkalisha kwenye kiti chenye mgongo, nikamtoa kitenge, nikamnyima mazungumzo dakika tano. Ikaja 138. Dawa nilizokuwa nimekaribia kumwongezea nikazirudisha kabatini.

Hela uliyowapa wale vijana ingenunua mashine ya presha ya nyumbani na chenji ikabaki. Mzigo ukitoka, nunua ya kufunga juu ya kiwiko, siyo ya kifundo cha mkono. Kabla hujanunua, chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa mkono wako katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi ya kawaida ni ya sentimita 22 hadi 32. Wabeba mizigo wengi mnazidi hapo, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba kwa uongo. Omba mkubwa, usione haya.

Halafu siku 7. Asubuhi kabla ya chai na kabla ya dawa yoyote, na jioni kabla ya chakula. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo, mdomo umefungwa. Pima mara mbili, pumzika dakika moja katikati. Andika zote, hata zisizokupendeza. Siku ya kwanza ifute, watu huwa wanaiogopa mashine. Zinazobaki tafuta wastani. Wastani wa nyumbani ukifika 135 juu au 85 chini, yoyote kati ya hizo mbili, hiyo ni presha, nenda kliniki. Ukiona 180 kwa 120, pumzika, rudia, na kama haishuki usisubiri kesho. Na mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakigoma kutoka, hapo hakuna kupima wala kulala kidogo kwanza. Ni hospitali saa hiyo hiyo.

La pili lililonishtua: unapumzika mara mbili kupanda Kabuhoro. Zamani ulikuwa hupumziki? Unapumzika kwa sababu gani? Kama ni pumzi tu kwa ajili ya uzito, sawa, tutaongea. Kama kifua kinabana, au nyama za miguu zinakaza kwa maumivu na ukisimama zinaachia, hilo mwambie daktari kwa maneno hayo hayo, usimwambie "nachoka". Kupumzika kusikokuwepo mwaka jana ni kipimo, na ni cha bure.

La tatu ni diklofenaki. Inatuliza mgongo, ndiyo, lakini dawa za kundi hilo zinafanya mwili ushike chumvi na maji, zinapandisha presha, na zikizoeleka zinaumiza figo. Kwa mwenye mishipa ya kutiliwa shaka siyo dawa ya kumeza kama karanga. Mueleze daktari kuhusu mgongo wenyewe. Na mizigo igawe, beba miwili midogo badala ya mmoja mkubwa.

La nne, kayabo. Najua ndiyo shule ya watoto wako, sikuambii uache kuuza. Nakuuliza unakula mara ngapi. Nimekulia karibu na mwalo na ninajua ilivyo: kipande kilichovunjika hakiuziki, kinaishia chunguni. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu ulichokula. Kipande cha kayabo hakihesabu vijiko. Ukikila, kiloweke usiku kucha, mwaga maji mara mbili au tatu, na mchuzi wake usiutie chumvi nyingine wala vile viungo vya pakiti, maana navyo ni chumvi iliyovaa nguo. Siku nyingine zote una bahati kuliko watu wa mbali na ziwa: sato mbichi wa kuchemsha na limao, au dagaa waliokaushwa juani bila chumvi, waoshe mchanga, uwapike na nyanya na karanga. Wiki mbili za kwanza utaona chakula kimepooza. Baada ya hapo ulimi unazoea, na ukionja cha jirani unashangaa.

Chumvi ina ubaya wake maalumu: inapandisha presha, na presha ndiyo inayochosha ile lastiki haraka. Sukari ikizidi kwenye damu nayo inaugumisha mshipa. Moshi pia, wa sigara na hata wa tanuri la kubanikia samaki, kwa hiyo kama unabanika, kaa upande upepo unakotoka. Na kwa umri wako kuna jambo hatulisemi hadharani: hedhi ikikaribia kukoma, mishipa ya mwanamke inaanza kukakamaa kwa kasi zaidi. Miaka hii yako ndiyo ya kuanza kuifuatilia.

Sasa swali lako la kusafisha. Hakuna kinywaji kinachopita kwenye mishipa na kukwangua kama brashi ya chupa. Kitunguu saumu ni kiungo kizuri, kinaweza kushusha presha kidogo, kitie kwenye mboga. Malimao yatie kwenye samaki badala ya chumvi, hapo ndipo yanapokufaa. Tumbo tupu na vikombe vya malimao kila asubuhi vitakupa kiungulia.

Ila kulainika kidogo mshipa unaweza. Mwaka 2000 watafiti Marekani waliwachukua wanaume wa makamo na wazee wasiofanya mazoezi, wakawatembeza miezi 3, kutembea tu kwa sehemu kubwa. Mshipa wa shingo ukawa unatanuka vizuri kuliko mwanzo. Kwa hiyo bibi yako wa Ukerewe si muujiza. Kule Bolivia kuna watu wanaoitwa Tsimane, wanalima, wanavua, wanawinda, hawakai chini. Mwaka 2017 walipigwa picha za moyo watu wazima 705 kati yao, wenye miaka 40 na kuendelea, na kila 100 walikuwemo 85 ambao hawakuwa hata na chembe ya chokaa kwenye mishipa ya moyo. Wewe unabeba sana lakini unatembea kidogo. Unasimama kizimbani kutwa, kisha daladala. Tafuta dakika 30 za kwenda kwa haraka, siku tano kwa wiki, kiasi kwamba unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mlima uuache kwanza mpaka daktari akusikilize kifua.

Kwenye kliniki, iwe kituo cha afya cha karibu au hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, omba sukari ya kufunga (kabla hujala), lehemu, kipimo cha figo na mkojo, na kipimo cha umeme wa moyo. Mwambie kwamba baba alipooza akiwa na miaka 58. Hospitali ya rufaa ya Bugando utapanda wakikuandikia wao. Na wakikupa dawa ya presha usinikimbie kwa yale maneno ya mtaani kwamba ukiianza hutoki. Wanaokaa nayo wanakaa kwa sababu presha ipo, kama mwenye miwani anavyokaa na miwani. Wapo waliopunguziwa, na ni daktari aliyewapunguzia. Nimewahudumia wengi waliojipunguzia wenyewe, na wengi wao waliletwa wamebebwa.

Hesabu yangu ni hii: siku 7, asubuhi na jioni, mara mbili mbili, ni namba 28. Ukifuta siku ya kwanza zinabaki 24. Nitumie hizo 24, na kile kipimo cha futi cha mkono. Na salamu zangu kwa bibi, muulize yeye anatia chumvi kiasi gani kwenye mboga.